Gari ya jeshi kwa mtu wa Malindi: mwongozo kamili kabla hujainua mkono mnadani

Kila ukitangazwa mnada wa gari za serikali, watu wa Malindi tunaanza kuota. Mwenye shamba Marafa anajiona anapita tu mvua ikinyesha, mwenye kupeleka wageni Tsavo anaona picha zitakavyopendeza, na kijana wa mjini yeye anaona Landi, yaani Land Rover, ya kijani imesimama nje ya baraza ya kahawa na yeye ndani na miwani. Sawa, kuota si dhambi. Lakini kuna jambo moja dalali hatakwambia: kule kambini ile gari ilikuwa na mafundi wake, stoo yake ya spea, dereva aliyeandikwa jina, na daftari la sevisi linalosimamiwa na mtu mwenye cheo anayeweza kukutia ndani usipobadilisha oili. Ndio maana ikadumu. Wewe unanunua gari, jeshi linabaki kambini. Kwa hiyo faida na hasara zote nitakazoandika hapa zipime kwa swali hilo, nani atakuwa stoo yako na nani atakuwa fundi wako hapa hapa Malindi.

Nikisema gari ya jeshi nina maana zile za kazi za kupita porini, Land Rover, Land Cruiser, Unimog, Humvee na jamaa zao, si vifaru wala zile za deraya.

Hatua ya 1: Taja kazi kwanza

Kaa chini uandike kazi ya gari, na uandike na njia. Si "safari", andika majina. Kama njia yako ni Malindi kwenda Mombasa na kurudi, nunua Probox ulale vizuri. Hata Lamu siku hizi si kama zamani, lami inatoka Garsen inapita Witu mpaka Mokowe, ile taabu ya kulala njiani gari imezama matopeni imepungua sana, kwa hiyo mtu asikwambie Lamu lazima upate gari ya vita.

Gari hizi zinaanza kuwa na maana ukishaacha lami. Ukiingia ndani Magarini baada ya mvua kubwa, ukienda mashamba ya Tana Delta kwenye ule udongo mweusi unaonata mpaka viatu vinabaki, ukibeba samaki na barafu kutoka Ngomeni kwenye njia za mchanga, au kama una kazi kule kwa watu wa chumvi Gongoni na Marereni. Na barabara ya Sala kwenda Tsavo East, ukitembea ndani ya mbuga kwenyewe, hapo fobaifo yenye gia ya chini inakupa raha.

Wa Lamu kisiwani mnisamehe, vile vichochoro ni vya punda na miguu. Gari yenu itakaa Mokowe ikiwangoja mvuke kwa boti, na pale jeti hewa ya chumvi inaipiga usiku na mchana. Hili la chumvi nitalirudia sana, manake kwetu Pwani adui mkubwa wa gari hizi si tope wala mawe.

Hatua ya 2: Jua ni gari gani unaweza kuipata kihalali

Hapa ndio ndoto nyingi zinakatika. Intaneti imejaa Humvee. Marekani walianza kuziuza kwa raia kwenye minada mwaka 2014, na bei ukiiona unashangaa kwa nini kila mtu hana moja. Ni rahisi, sheria ya Kenya, ile stendadi ya KEBS, shirika la viwango, inayoitwa KS 1515, inataka gari ya mtumba inayoingia nchini isizidi miaka 8 tangu iandikishwe mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Humvee usukani wake uko kushoto. Unimog za jeshi la Ujerumani nazo kushoto, na kuukuu kupindukia. Kwa hiyo mtu akikwambia atakuagizia kutoka ng'ambo ukampa hela ya kuanzia, hiyo hela isahau.

Njia iliyobaki kwa raia wa kawaida ni gari zilizokwishatumika hapa hapa nchini, zikatolewa kwenye mnada wa idara, ama zilizopita mkononi mwa raia baada ya mnada zikawa na namba ya kawaida. Na hapo utakutana zaidi na familia mbili.

Ya kwanza Landi. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, mtu wa nyuma yake ni Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, aliyekuwa na Jeep ya vita shambani kwake na akawa hana cha kuibadilishia ikichoka. Baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, wakatengeneza bodi ya alumini, na uamuzi ule wa shida leo ni zawadi kwa mtu anayekaa karibu na bahari, japo ina mtego wake tutauona mbele. Zile za zamani, Series, zina springi za majani. Mwaka 1983 ikaja One Ten yenye springi za koili na fobaifo ya wakati wote, mwaka 1990 ikapewa jina la Defender, na ya mwisho ikatoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Hapa kwetu zilikuwa zinaunganishwa Thika, ndio maana utakuta fundi mzee Malindi anaijua Landi kwa giza.

Ya pili Land Cruiser, hasa jamii ya 70 iliyoanza mwaka 1984, na ile pikapu ya 79 ndio polisi na jeshi wanaipenda. Injini ya 1HZ, silinda sita, dizeli lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta ya maana. Pikapu hii inaunganishwa Mombasa pale kiwanda cha AVA, Miritini, kwa hiyo spea si hadithi.

Mercedes G na Pinzgauer ni gari nzuri kupita maelezo, lakini spea moja ikikatika utajua Nairobi ni mbali na Ulaya ni mbali zaidi. Unimog nayo, ile 404 ya zamani inatumia petroli na inainywa kweli kweli, lita moja inakupeleka kilomita nne, ukipata tano ushukuru, na mwendo wake wa juu kabisa ni kama 95 kwa saa. Ekseli zake ziko juu ya kitovu cha gurudumu, ndani ya kila gurudumu kuna gia zake na oili yake, kwa hiyo inapita juu ya vitu vya ajabu, na una sehemu nne zaidi za kuvuja. Kama huna gereji yako mwenyewe iache.

Hatua ya 3: Faida, zile za kweli

Watu husema nguvu. Mi nasema usahili. Landi yenye injini ya 300Tdi haina kompyuta hata moja kwenye injini, ukiwa na dizeli safi na hewa na ikishawaka mara ya kwanza, inaenda hata betri ikifa. Fundi wa juakali wa Gongoni anaweza kuifungua chini ya mwarobaini na spana za kawaida. 1HZ hivyo hivyo. Ukiangalia gari mpya za siku hizi, kisensa kimoja kikiingia chumvi gari nzima inagoma na dashibodi inawaka taa kama harusi, hapa hakuna hiyo.

Faida ya pili ni gia ya chini na difu loki ya katikati, ile inayofunga ekseli za mbele na nyuma zizunguke pamoja. Kupanda mchangani Mambrui ukiwa na gia ya chini, gari inatembea polepole bila kuchoma klachi. Ya tatu, ndani hakuna zulia, hakuna kitambaa, unafungua mlango unamwaga maji unafagia, na kwa mtu anayebeba samaki ama mbuzi hilo si dogo. Chasisi ya jeshi mara nyingi imeongezwa nguvu, springi nzito, ndoano ya kuvutia nyuma imara. Na bei ya mnadani mara nyingine iko chini ya gari ya raia ya umri ule ule, ingawa siku hizi watu wameamka.

Hatua ya 4: Hasara, na hapa nitakaa kidogo

Joto. Gari za jeshi za mtindo wa zamani hazina AC, na Malindi mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi imepoa na hewa imesimama, kibanda cha Landi kinakuwa tanuri, miguu inapata moto wa injini chini na kichwa kinapata moto wa bati juu. Kelele nayo, kutoka hapa mpaka Kilifi unaongea na abiria kwa kupiga mayowe.

Usalama. Ni gari nzito kwa hiyo watu wanahisi wako salama, lakini haina eabegi, nyingi hazina ABS, na zile benchi za nyuma za kukaa ubavu ubavu zilitengenezwa kwa askari, si kwa watoto wa shule. Gari ikipinduka aliyekaa benchi ya ubavu hana cha kumshika. Kama utabeba watu, benchi zing'olewe, viwekwe viti vinavyotazama mbele na mikanda iliyofungwa kwenye chuma, na kama ni biashara ya wageni kuna ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na leseni zake, usianze kubeba ndio utafute karatasi.

Mafuta: Defender ya dizeli ikiwa nzima utapata kama kilomita 9 au 10 kwa lita, 1HZ ikiwa na mzigo tegemea 7 au 8. Mwendo: kupita lori barabara ya Mombasa inataka subira na dua.

Kilomita zinadanganya. Hili watu wengi hawalijui. Gari ya jeshi inaweza kuonyesha kilomita chache sana ukafurahi, kumbe injini imewashwa masaa na masaa imesimama pale pale, ikichaji redio ama ikingoja amri. Injini inayowaka muda mrefu gari imesimama inajenga masizi na haipati moto wa kutosha, na mita ya kilomita haihesabu lolote. Kwa hiyo usiuze akili yako kwa namba ya dashibodi.

Umeme wa volti 24. Landi zilizotengenezwa kubeba redio za jeshi zina betri mbili zimeungwa kwa mfululizo, chini ya viti. Balbu, stata, altaneta, vyote ni vya 24. Balbu utapata kwa wenye malori, ila altaneta yake ni habari nyingine, na ukifunga redio yako ya kawaida ya volti 12 bila kujua unaisikia tu inatoa moshi. Unaweza kuigeuza iwe 12, fundi umeme mzuri anaifanya, lakini hiyo ni hela ya kuingiza kwenye bajeti mapema.

Na hasara ya mwisho ni ya kwetu hasa. Upande wa Boni, Kiunga na njia za ndani za Lamu, gari za polisi na za jeshi zimewahi kulipuliwa na mabomu ya kutegwa barabarani, na vizuizi vya askari bado viko. Gari inayofanana na ya jeshi huko haikufaidi kitu. Askari watakusimamisha wakuulize mara mbili, na wale wanaotega mabomu nao hujui wanakuonaje kwa mbali. Rangi ya kijani ya jeshi inapendeza kwenye picha tu.

Hatua ya 5: Karatasi kabla ya chuma

Minada ya idara za serikali inaendeshwa chini ya sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali za umma ya 2015, na matangazo yake hutoka magazetini, hasa kile kijarida cha serikali cha MyGov, na kwenye tovuti za idara. Soma masharti yote kabla hujalipa dipoziti. Karibu yote yanasema gari inauzwa ilivyo na pale ilipo, maana yake ukishashinda hata injini ikiwa tupu ndani ni yako. Angalia pia siku walizokupa za kumaliza kulipa na za kuondoa gari, ukichelewa unatozwa kila siku inayolala pale.

Gari ikitoka serikalini inakuwa na namba ya GK ama ya jeshi, na lazima iandikishwe upya kwa jina lako NTSA. Kwa hiyo unapomaliza kulipa usiondoke na risiti peke yake, hakikisha una barua ya mauzo inayotaja namba ya chasisi na namba ya injini. Kabla ya hapo ingia chini uisome mwenyewe namba iliyopigwa kwenye chasisi, kwenye Landi itafute mbele upande wa kulia, isugue na brashi ya waya uone kama inalingana herufi kwa herufi. Herufi moja ikikosewa kwenye barua utazungushwa maofisini mpaka viatu viishe.

Ukinunua kwa mtu binafsi, toa rekodi ya gari kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kwanza, ulinganishe jina na kitambulisho chake. Mtu akija na gari bado ina namba ya serikali anasema "logibuku inakuja", mshukuru, mpe chai, aende. Gari ya serikali bila karatasi ni kesi, si bahati.

Hatua ya 6: Ukaguzi

Siku ya kutazama nenda asubuhi, vaa nguo za kuchafuka, beba tochi, nyundo ndogo, kipande cha boksi cha kulalia, sumaku, na kitambaa cheupe. Chukua fundi wako hata kama itabidi umlipe siku nzima. Mnadani hutaruhusiwa kuendesha, pengine hata kuwasha, kwa hiyo macho na nyundo ndio kila kitu.

Anzia chini, usianzie injini. Lala chini ya gari upige chasisi kwa nyundo taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na vumbi jekundu linaanguka usoni. Kwenye Landi chasisi ni boksi tupu ndani, kwa hiyo inaoza kutoka ndani kuja nje, ukiona kidoa cha kutu nje kama shilingi jua ndani kuna uwanja. Pakague sana pale nyuma kabisa ilipo ndoano, na zile mbavu zinazotoka ubavuni kushika bodi. Halafu panda kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, chini pale miguu inapokaa, inua mpira. Ukuta huo ni chuma si alumini, na kuubadilisha ni kazi ya kuivua gari nzima.

Halafu bodi. Alumini yenyewe haishiki kutu nyekundu, ila pale inapogusana na chuma, kwenye boliti na bawaba na fremu za milango, hewa ya bahari ikiingia kati alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe na rangi imevimba kama malengelenge. Kidogo si neno. Milango ikiwa inamegeka kwa kidole, hesabu milango mipya. Sumaku kwenye Landi haikusaidii kitu, lakini kwenye Land Cruiser ipitishe bodi nzima, pale isiponasa kuna puti imejazwa na chini yake kuna tundu.

Ukimaliza hapo ndio uende kwenye ekseli. Tazama yale mabolu makubwa ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele, yanatakiwa yawe laini. Yakiwa na mashimo shimo ya kutu, sili zake hazitadumu hata ufunge mpya. Fungua nati ya difu ukiruhusiwa, chovya kidole ufute kwenye kitambaa cheupe. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vumbi la chuma linalong'aa, difu inakula meno. Kwenye Landi ya jeshi utaona difu ya nyuma imepakwa rangi nyeupe na juu yake kuna kijitaa kidogo, usishangae, usiku kwenye msafara taa zote zinazimwa na dereva wa nyuma anafuata ule weupe tu. Hiyo ni alama nzuri kwamba gari kweli ilikuwa ya jeshi na haijachezewa sana.

Shika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, uizungushe na kuitikisa kwa mkono, mchezo mdogo ni kawaida, mchezo unaosikika kama mlango mbovu ni krosi zimekwisha. Kwenye Defender tikisa pia tranzifa, lile boksi la gia za fobaifo, hizi huwa na uchezaji kidogo, na oili ikitiririka kutoka kila mahali usiogope sana. Landi ikiacha kuvuja oili kuna uwezekano imeisha oili. Kinachotisha ni oili iliyochanganyika na maji.

Injini, ikiwa utaruhusiwa kuiwasha, hakikisha iko baridi, gusa kwa mkono. Wauzaji hupenda kuipasha moto kabla hujafika. Moshi mweusi kidogo mwanzoni sawa, moshi wa bluu usiokata ni oili inaungua, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya radieta yanaingia silinda. Fungua kifuniko cha radieta kabla ya kuwasha, si baada, uone kama kuna mafuta yanaelea. Ikiwa ni Td5, ile ya silinda tano iliyoanza 1998, yenyewe ina kompyuta chini ya kiti, chomoa plagi nyekundu ya kompyuta uone. Ikiwa na oili ndani, oili imetambaa kwenye waya za nozo kutoka juu ya injini mpaka huku, ni ugonjwa wake unaojulikana, unatibika lakini utumie kushusha bei.

Tairi usizitazame kwa meno. Gari ya jeshi hukaa, tairi zinaonekana mpya kumbe zimekauka. Tafuta namba nne kwenye ubavu, mfano 1214 maana yake wiki ya 12 ya mwaka 2014. Na zile tairi za jeshi zenye meno makubwa ya mistari, kwenye lami yenye maji zinateleza vibaya na kwenye mchanga zinachimba badala ya kuelea. Panga kubadilisha. Saizi ya 7.50 kwa rimu ya 16 inapatikana kila mahali Pwani, afadhali.

Hatua ya 7: Hela

Chukua hela yote uliyo nayo, theluthi moja iweke pembeni usiiguse mnadani. Hiyo ndiyo ya kuifanya gari itembee. Ukiona bei imepanda mpaka inakula ile theluthi, shusha mkono. Watu mnadani wanashindana kwa sifa, wallahi utaona mtu ananunua Landi iliyooza kwa bei ya nzima kisa jirani yake alikuwa anaitaka.

Piga simu Mombasa kwa wauza spea wawili watatu kabla ya siku yenyewe, uulize vitu vitano: seti ya klachi, pampu ya breki, taiming belti na roli zake, hafu shafti, na altaneta ya volti ya gari hiyo. Wakikwambia vyote viko, sawa. Wakikwambia "tutaagiza", unajua utakachokabiliana nacho.

Hatua ya 8: Mwezi wa kwanza nyumbani

Usiende nayo popote mbali. Mwaga oili zote, injini, gia, tranzifa, difu zote mbili, na yale mabolu ya mbele. Safisha tanki la dizeli manake gari iliyokaa ina uchafu chini. Taiming belti badilisha hata ukiambiwa imebadilishwa juzi, 300Tdi na 1HZ zote zina belti si cheni, kwa 1HZ ikifika kilomita laki moja inatoka, na ikikatika injini inajivunja yenyewe. Oili ya breki nayo, na mipira yote ya maji.

Halafu rangi. Toa kijani cha jeshi, toa nembo, toa vishikilio vya redio na vya bunduki. Paka nyeupe ama krimu, itapunguza hata joto, na uandikishe mabadiliko ya rangi NTSA ili logibuku iseme kile askari anachokiona.

Sasa chasisi. Fundi atakwambia paka oili chafu. Inasaidia chuma ni kweli, lakini inafanya mipira ya bushi ivimbe na kuoza, halafu inanasa mchanga. Wapo wanaopaka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mashua, kutu inakaa mbali na watu pia. Tafuta nta ya chasisi, ipashe joto kidogo iwe nyepesi, ipulizwe mpaka ndani ya boksi kupitia matundu, siyo nje tu. Fanya hivyo kila mwaka kabla ya masika. Boliti zote zinazoshika alumini kwa chuma ziweke grisi na wesha ya mpira ama ya plastiki katikati.

Kuosha kila wiki, chini zaidi kuliko juu. Na angalia maji unayooshea. Visima vingi vya mjini maji yake yana chumvi, ukioshea hayo unaipaka chumvi upya. Tumia ya bomba yanayotoka Baricho ama ya mvua.

Hatua ya 9: Kuiendesha

Mchangani punguza upepo wa tairi, kutoka psi 35 mpaka 18 hivi, na uwe na kompresa ya kurudishia kabla hujapanda lami. Funga difu loki kabla hujaingia kwenye shida, si baada ya kuzama. Ukirudi lamini ifungue mara moja, na kama ni Series au Land Cruiser toa fobaifo kabisa, maana kwenye lami kavu ekseli za mbele na nyuma zinagombana mpaka kitu kinavunjika.

Mtoni, Defender ya kawaida kipimo chake ni nusu mita ya maji. Sabaki ikifurika usijaribu, na Tana ndio usiifikirie kabisa. Ukivuka maji ya tope, kesho yake angalia oili za difu. Baharini usiingize gurudumu hata kama umeona kwenye video, breki na bearingi zinakufa polepole, utakuja kulipa miezi baadaye na usijue sababu.

Hatua ya 10: Bima, na siku ya kuiuza

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria na utaipata. Ile kubwa, kampuni nyingi hazitaki gari kuukuu, ulizia kabla ya kununua kama benki au mteja wako anaitaka. Kwa sababu hiyo wizi ni hasara yako mwenyewe, na vitasa vya Landi za zamani hata mtoto anavifungua kwa bisibisi, kwa hiyo weka swichi ya siri ya kukata dizeli na ndani usiache kitu.

Tunza risiti zote kwenye faili moja, za oili, za spea, za fundi. Wanunuzi wa gari hizi wanaulizana, na faili lina thamani kuliko rangi mpya. Ukipata mnunuzi, anzisha uhamisho kwenye mfumo wa NTSA, asubiriwe akubali kwenye akaunti yake, na funguo zisitoke mkononi mwako mpaka jina limebadilika, la sivyo akigonga mtu kule Garsen simu inayopigwa ni yako.